Umepata barua ya NMC? Soma hii kabla hujajibu chochote

Hii naiandika kwa manesi na wakunga wenzangu tulioko Uingereza, mliotoka Kenya, Tanzania, Uganda, popote pale, ilimradi una PIN (namba ya usajili) ya NMC, lile baraza la manesi na wakunga wa huku. Macarer (wahudumu wa wazee na wagonjwa) pia kuna sehemu yenu huko chini msikimbie. Mi si mwanasheria, ni nesi wa kawaida ambaye hii kitu ilinikuta, ikanikalia miezi kumi na nne, na toka hapo watu wakawa wananipigia, "dada samahani, kuna imeili nimepata". Na karibu kila mara nakuta mtu keshafanya moja kati ya mawili, ama kajibu usiku uleule kurasa nne za machozi na hasira, ama kaifunga imeili na hajaifungua tena wiki ya sita hii. Yote mawili yanaumiza ila la pili ndio baya zaidi, maana mficha maradhi kilio humfichua, na ukikaa kimya wao kesi wanaendelea nayo bila wewe.

Yangu kwa ufupi. Nyumba ya wazee, shifti ya usiku, nesi ni mimi peke yangu ghorofa mbili. Wazee wawili wana jina moja la ukoo, vyumba vinafuatana, nikampa wa chumba cha 11 dawa ya wa chumba cha 12, apixaban. Niligundua dakika kumi baadae nilipokuwa nasaini MAR, ile karatasi ya kurekodi dawa za kila mgonjwa. Nikapiga 111, laini ya ushauri wa afya, wakanipa maelekezo, nikakaa nampima presha na mapigo kila nusu saa mpaka kunakucha, nikaandika kila kitu, asubuhi nikampigia binti yake nikamwambia nilichofanya. Mzee hakupata shida yoyote, akaamka akadai chai yake. Nikajua yameisha. Wiki tano mbele, Ijumaa saa kumi jioni, nipo kwenye basi, imeili hiyo. Meneja alikuwa amenipeleka NMC bila kuniambia neno.

Kabla ya hatua zenyewe elewa kitu kimoja maana bila hicho mengine yote utayafanya kinyume. NMC kazi yake inatoka kwenye sheria inayoitwa Nursing and Midwifery Order ya 2001, na sheria hiyo haiwaambii wakuadhibu, inawaambia walinde wagonjwa na imani ya watu kwa taaluma. Kwahiyo swali lao la mwisho sio "je ulikosea usiku ule", swali ni je LEO unafaa kufanya kazi bila kizuizi. Leo. Mtu anaweza kuwa alikosea kweli na bado wakasema leo hana tatizo, na mwingine kosa lake dogo tu ila anapigwa masharti kwa sababu mpaka siku ya kikao bado anasema waliosababisha ni wengine. Kwahiyo kazi yako inaanza siku barua imefika.

Hatua ya 1. Isome mara mbili, mara ya pili na kalamu

Tafuta vitu vitatu tu: uko hatua gani, wanakudai nini hasa, na tarehe ya mwisho ya kujibu. Hatua ni hizi. Kwanza uchujaji, wanaangalia kama hili jambo ni zito kiasi cha kuwahusu na kama bado kuna hatari, na ujue malalamiko mengi yanafia hapa hapa. Yakivuka yanaenda uchunguzi, mtu anakusanya maelezo ya mashahidi na makaratasi. Alafu yanaenda kwa watu wawili wanaoitwa case examiners, mmoja nesi au mkunga na mmoja raia wa kawaida, hao ndio wanasema kuna kesi ya kujibu au hakuna. Ikiwepo wanaweza kuimaliza wenyewe kwa onyo au kwa ahadi unazokubali kuzifuata, au wakaipeleka mbele ya jopo la watu watatu. Watu wengi wakiona tu neno "fitness to practise", yani kufaa kufanya kazi, wanadhani washafutwa, kumbe wapo kwenye uchujaji. Pumua kwanza.

Hatua ya 2. Chama cha wafanyakazi, leo leo

Kama upo RCN au UNISON au chama kingine piga simu siku hiyohiyo, usingoje Jumatatu kama laini yao iko wazi. Kama huna chama, basi jiunge kwa ajili ya kesho, lakini nikuambie ukweli, vyama vingi havibebi jambo lililotokea kabla hujajiunga, na hapa ndipo wengi wetu tunaanguka kwa sababu tukishafika tunaona ile hela ya kila mwezi bora iende nyumbani. Mi mwenyewe nilikuwa nishaandika imeili ya kujitoa RCN mwezi mmoja kabla, nikasahau kuituma. Bahati tu hiyo. Kama kweli huna mtu, tafuta mwanasheria anayefanya kesi za mabaraza ya afya, sio yule aliyekufanyia viza, na muulize bei kabla hamjaongea lolote.

Hatua ya 3. Wajibu kwamba umepata, basi

Kanuni za NMC, zile za 2015, zinakutaka ushirikiane na uchunguzi. Kushirikiana sio kumwaga kila kitu siku ya kwanza. Andika mistari mitatu: nimepokea, naongea na mwakilishi wangu, nitawajibu kabla ya tarehe fulani. Wakikuuliza unafanya kazi wapi waambie sehemu ZOTE, na ejensi na benki (zile shifti za ziada za hospitali) pia, hata ile ya Jumapili moja kwa mwezi. Ukificha mwajiri umejitengenezea kesi ya pili, na hiyo ya pili itakuwa ya uaminifu, ambayo ni mbaya kuliko dawa uliyokosea.

Alafu hapa niseme na sisi wenyewe. Kwetu mtu mzima akikasirika unasema "nisamehe mzee wangu, nimekosa" ili yaishe, hata kama hujakosa. Huku usifanye hivyo. Ukiandika nakubali yote, yanabaki kwenye faili kuwa umekubali yote, mpaka lile la tatu ambalo siku hiyo hukuwepo hata kazini. Kila dai lijibu peke yake: hili nakubali, hili sikubali kwa sababu hii, hili sikumbuki. Sikumbuki ni jibu halali kama ni kweli.

Hatua ya 4. Kusanya vyako kabla havijapotea

Kaa chini uandike siku ile dakika kwa dakika, leo, kabla kumbukumbu haijachakaa. Mlikuwa wangapi, wagonjwa wangapi, nani aliitwa akaacha shifti, simu ngapi zililia wakati unatoa dawa. Uliingia saa ngapi, ulikula saa ngapi kama ulikula. Rota yako, vyeti vya mafunzo, imeili ulizoandika ukilalamika uchache wa watu, hivyo ni vyako vitafute. Una haki kisheria ya kumuomba mwajiri taarifa zako binafsi, na kawaida wanatakiwa wakupe ndani ya mwezi mmoja. Ila tafadhali sana USIPIGE PICHA makaratasi ya mgonjwa wala kubeba MAR nyumbani eti ushahidi. Hiyo peke yake ni kesi. Kama yanahitajika mwakilishi wako atawaambia NMC wayaombe. Na usitume barua yenyewe kwenye grupu la WhatsApp la kina dada, najua mnapendana, lakini humo ndani kuna watu 180 na mmoja wao ni rafiki yake meneja.

NMC wana fomu ya kueleza mazingira ya kazi. Wengine wanaiacha wazi wakidhani ni visingizio. Ijaze. Wenyewe wanasema mazingira ni sehemu ya kinachopimwa, na utafiti wao wenyewe unaonyesha sisi weusi waajiri wanatupeleka kule kuliko idadi yetu. Na ripoti huru aliyoiongoza Nazir Afzal ikatoka Julai 2024 ilikuta ubaguzi na uonevu ndani ya NMC yenyewe na mrundikano wa kesi. Siyasemi haya ili ukawaandikie "mnanibagua", hilo kama ni hoja mwachie mwakilishi wako aliweke linapofaa, nayasema ili usidhani wewe ndio wa kwanza au una mkosi.

Hatua ya 5. Wakiitisha kikao cha amri ya muda

Hii inakuja haraka, unapewa siku chache tu, na watu wanaidharau kwa sababu hawajui ni nini. Ni kikao cha kuamua kama wakati uchunguzi unaendelea usimamishwe au ufanye kazi kwa masharti. Hawaamui kama umekosea, wanaangalia hatari tu. Amri inaweza kufika miezi 18, na angalau kila miezi 6 lazima iangaliwe upya.

Hudhuria. Hata kwa video kutoka jikoni kwako, hudhuria. Na usiende kubishana kuhusu usiku ule maana sio siku yake, nenda na pendekezo: niko tayari nisiwe nesi peke yangu kwenye shifti, niko tayari dawa nitoe nikisimamiwa, huyu hapa meneja wangu wa sasa kaandika anaweza kunisimamia. Jopo ambalo halijapewa njia ya kati linaona njia mbili tu, kukuachia au kukusimamisha. Ukisimamishwa huruhusiwi kufanya kazi ya unesi wala kujitambulisha kama nesi aliyesajiliwa, hilo ni kosa la jinai. Nesi aliyesajiliwa nasema, maana kichekesho cha nchi hii ni kwamba jina linalolindwa na sheria ni "registered nurse", lile "nurse" peke yake miaka yote hiyo lilikuwa halina mwenyewe, mpaka 2025 ndio serikali ikaahidi kulifunga.

Hatua ya 6. Reflection, yani maandishi ya kujitafakari, hapa ndipo kesi nyingi zinashindwa au zinapona

Kuna kesi ya daktari, Cohen, ya 2008, jaji aliacha maswali matatu ambayo mabaraza yote yanayatumia mpaka leo: hili kosa linarekebishika? Limerekebishwa? Uwezekano wa kujirudia ni mdogo sana? Andika ukiyajibu hayo matatu, sio ukilia.

Mfano mimi mara ya kwanza niliandika hivi: "nasikitika sana, nilikuwa nimechoka, wafanyakazi walikuwa wachache, mimi ni nesi mwenye bidii na sijawahi kukosea miaka tisa". Mwakilishi wangu, mama mmoja wa Wales mpole sana, akaisoma akanirudishia akaniuliza, mzee yuko wapi humu? Nikaangalia. Kweli, kurasa mbili na mzee hayumo hata sehemu moja. Nimejaa mimi tu.

Nikaandika upya. Kwamba dawa ile inazuia damu kuganda, kwahiyo mzee wa miaka 84 kama angeanguka usiku ule akagonga kichwa, damu ingevujia ndani. Kwamba yule wa chumba cha 12 yeye, kama ningegundua asubuhi, angekuwa amekosa yake, na aliwekewa ile dawa kwa sababu ya moyo. Kwamba binti wa yule mzee wa chumba cha 11 alinikabidhi baba yake akalale. Alafu nilichokosa hasa: sikuangalia picha kwenye MAR, nilisoma jina la ukoo nikatosheka kwa kuwa nilikuwa nimeshika simu begani. Alafu nimefanya nini toka hapo: mafunzo ya dawa tarehe hii, nimepimwa kutoa dawa mara sita na nesi mwenzangu na fomu hizi hapa, sasa hivi navaa ile fulana nyekundu ya usinisumbue, simu inashikwa na carer, na nauliza jina na tarehe ya kuzaliwa kila mara hata kama mtu namjua miezi minane na ananicheka.

Hiyo ndio wanaitafuta. Mafunzo ya mtandaoni ya dakika ishirini yenye cheti cha rangi sio mbaya ila peke yake hayatoshi, watafute watu waliokuona ukifanya kazi baada ya tukio na waandike walichokiona. Na wajue kwanini wanaandika, barua ya pongezi ambayo mwandishi hajui kama una kesi haina uzito.

Sasa kama dai ni la uaminifu, mfano umesaini MAR kabla hujatoa dawa, umemsainia mwenzako, umejaza presha ambazo hukupima, hapo pagumu. Usiseme "kwetu ni kawaida" wala "wote wodini wanafanya". Toka 2017, kesi ya Ivey, mahakama zinaangalia kwanza wewe ulijua nini, alafu zinapima kwa macho ya watu wa kawaida waungwana, haijalishi wewe mwenyewe uliona ni sawa. Na ule mtindo wa "nisainie dada nawahi basi" uishe leo. Kosa la dawa linafundishika, uongo kuufundisha mtu aache ni kazi, na majopo yanajua hivyo. Mi nadhani kilichonitoa sio reflection nzuri peke yake, ni kwamba saa nane na dakika kumi usiku nilikuwa nishaandika kosa langu kwa mkono wangu.

Hatua ya 7. Ikifika kwa case examiners au kwenye jopo

Watakutumia uchunguzi wote na kawaida siku 28 za kujibu. Hapa ndipo unapeleka ile reflection, ushahidi wa mafunzo, barua za watu, vyote kwa pamoja vikiwa vimepangwa. Yangu iliishia hapa, hakuna kesi ya kujibu.

Ikienda kwenye jopo, ujue kipimo ni kile cha kesi za madai, yani lipi lina uwezekano zaidi, sio kile cha jinai. Kwahiyo polisi kukuachia haina maana NMC watakuachia. Wakikuta leo hufai kufanya kazi bila kizuizi, ngazi zao ni hizi: wasifanye kitu, onyo la mwaka 1 hadi 5, masharti mpaka miaka 3, kusimamishwa mpaka mwaka 1, au kufutwa. Ukifutwa huwezi kuomba kurudi mpaka miaka 5 ipite. Una siku 28 za kukata rufaa mahakamani, na hizo siku ni chuma, usizihesabu kwa kukisia. Na ukiona jopo limekuhurumia usishangilie mapema, kuna chombo juu yao kinaitwa Professional Standards Authority, kikiona adhabu haitoshi kulinda watu kinaweza kuipeleka mahakamani.

Katikati ya haya yote endelea kulipa ada na kufanya revalidation (kuthibitisha upya usajili) kama kawaida. Kuna watu wameangukia hapo.

Viza

Kama uko kwenye viza ya kazi, hii soma mara mbili. Mwajiri akiacha kukudhamini lazima awaarifu Home Office, yani wizara ya mambo ya ndani, na kawaida unapewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Kwahiyo ukisimamishwa usikimbilie kuandika barua ya kuacha kazi kwa hasira au aibu. Kaa, muulize mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, na muombe mwajiri kazi nyingine ya muda, wengine wanakubali. Na kukimbilia Ireland au Australia haisaidii, huko wataomba barua ya hali yako kutoka NMC, na uchunguzi utakuwa umo.

Macarer

Nyie inategemea uko upande gani wa ramani. England carer hana baraza wala rejista. Scotland kuna SSSC, Wales kuna Social Care Wales, Ireland ya Kaskazini kuna NISCC, hao wana rejista na wanaweza kukufuta kama manesi.

Lakini kukosa rejista sio kwamba uko huru. England ukifukuzwa, au hata ukiacha mwenyewe, kwa kumdhuru mteja au kumweka hatarini, mwajiri analazimika kisheria kukupeleka DBS, ofisi ya serikali inayoamua nani azuiwe kufanya kazi na watu dhaifu, na wao wakikuweka kwenye orodha ya waliozuiwa huwezi kufanya kazi ya uangalizi popote. Kabla hawajakuweka kawaida wanakuandikia na kukupa wiki 8 za kujitetea. Barua hiyo inaenda kwenye anwani waliyonayo. Sisi tunaohama vyumba kila miezi mitatu, badilisha anwani. Nimeona kijana anapata barua yake wiki ya kumi kwa jamaa aliyemrithi chumba.

Mwili wako pia

Miezi kumi na nne ni mingi. Mi nilikuwa siwezi kufungua imeili bila mkono kutetemeka, nikamwambia mdogo wangu akae ananifungulia. Mwambie GP, daktari wako wa mtaani, hiyo haikuharibii kesi. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani ukweli wote. Na usiku ukiwa mbaya sana Samaritans, laini ya kuongea na mtu, ni 116 123, bure, wanapokea muda wote.

Ikifungwa, ile barua ya kufunga iweke nakala tatu. Ejensi na hospitali zinauliza kwenye fomu kama umewahi kuchunguzwa na baraza, soma swali vizuri, wengine wanauliza kama upo chini ya uchunguzi sasa na wengine wanauliza kama uliwahi, majibu ni tofauti. Kama ni uliwahi, tiki ndio, bandika barua, endelea na fomu.